Vipande Sita vya Tumbaku vya Rotia

"Unaomba kura za kijiji kizima, mikono umeiacha Tarawa?"

Ndivyo wifi yangu Rotia alivyomkemea Tebano mbele ya wazee, siku alipokuja kutoka Tarawa, mji mkuu, kutaka urais. Na kweli, aliingia kwenye maneaba yetu, ukumbi wa mikutano wa kijiji, akaketi, akaanza habari za bei ya mbata bila kuweka hata kipande cha tumbaku mbele ya wazee. Mgeni wa namna hiyo kwetu ni kama hajaingia. Akajitetea kwamba ameisahau kwenye ndege. Mzee Kaburoro akasema basi kura apewe mpinzani wake, ambaye hakuja mikono mitupu. Na wazee wetu wakisema, wengi hufuata.

Rotia uso ulimshuka. Miezi mitatu alikuwa akimpigia debe Tebano, maana huyo ndiye aliyepigania meli ije kuchukua mbata yetu kabla haijaoza. Akafungua kikapu chake, akaweka chini vipande sita vya tumbaku, vyote alivyokuwa navyo.

"Wazee wangu, hii ni ya Tebano. Atanirudishia akiwa rais."

"Na asipopata, binti?" akauliza Kaburoro.

"Basi mtakuwa mmeniachisha kuvuta, na mapafu yangu yatawashukuru."

Wakacheka, wakagawana, Tebano akaruhusiwa kuendelea.

Rotia akaapa havuti mpaka alipwe na mwenyewe. Wiki tano zilizobaki kabla ya kura hakukalika naye. Alinifokea mimi, akafokea kuku, katekista naye hakupona. Waliompinga Tebano walikuwa wakipita mlangoni kwake wakimwuliza, "Mama Rais, kiberiti unacho?"

Siku ya kura alitangulia kituoni, kavaa gauni la kanisani. Siku mbili baadaye redio ikatangaza: Tebano kashinda nchi nzima kwa tofauti ya kura themanini na nne tu. Kijiji chetu peke yake kilimpa mia moja na sitini! Tulicheza mpaka mikeka ikachanika, na Kaburoro akaanza kusema eti yeye alijua tangu mwanzo.

Mwezi uliofuata rais alikuja. Safari hii aliweka tumbaku mbele ya wazee kabla hajaketi. Kisha akavuka maneaba hadi wanapokaa watu wa ukoo wetu, akainama, akamwekea Rotia vipande sita.

Rotia akavinusa kimoja kimoja, akasokota, akawasha.

"Haya," akamwambia, "sasa sema."