Kilo za Mzee Luhende

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji nilipewa kazi moja tu: kushika mapigo ya mgonjwa kwa vidole viwili na kutaja idadi yake kila baada ya dakika tano. Mtaalamu wa dawa za usingizi aliyenifundisha, mzee wa sauti ndogo na hasira kubwa, aliniambia, "Sista, usiondoe vidole mpaka nikwambie." Upasuaji ukaisha, mgonjwa akafungwa bandeji, daktari akaenda kunywa chai, mimi bado nimeshikilia mkono wa mtu. Mzee aliporudi kuchukua miwani yake akanikuta hapo hapo. Hakucheka. Alisema tu, "Huyu atafaa." Kisha akanipa somo ambalo nimelirudia kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu: "Kulaza mtu si kazi. Hata pombe inalaza. Kazi ni kumrudisha."

Mimi ni mzaliwa wa Kimali, binti wa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Nilianza uuguzi Kalemela, kisha nikapelekwa kusomea usingizi, na niliporudi nikapangiwa hospitali moja pale Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa watu wa Shinyanga. Ninyi mnaosomea kazi hii leo mna mashine zinazolia mgonjwa akipungukiwa hewa. Sisi mashine yetu ilikuwa macho. Ulitazama rangi ya midomo na ya kucha, ukatazama kifua kikipanda na kushuka, ukasikiliza pumzi. Saa yangu ya mkononi yenye mshale wa sekunde niliithamini kuliko hereni zangu zote.

Dawa yetu kubwa ilikuwa ketamini. Niieleze kidogo, maana ina tabia zake. Dawa nyingine za usingizi hushusha presha na kulegeza pumzi; ketamini huipandisha presha, na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe ukimpa kipimo sahihi. Macho hubaki wazi yakichezacheza, kiasi kwamba ndugu akichungulia dirishani hudhani mtu wake anatazama anavyokatwa. Ndiyo maana ilifaa sana sehemu zisizo na umeme wala mitungi ya oksijeni. Lakini kipimo chake hufuata uzito: kila kilo ina kiasi chake. Ukipunguza, mgonjwa hurusha miguu katikati ya kazi. Ukizidisha, hasa ukiisukuma haraka mshipani, pumzi inaweza kusimama.

Basi katika miaka ile ya soko huria, pamba ilipoanza kununuliwa na watu binafsi na dawa nazo zikawa zinaingia kutoka kila pembe ya dunia, alitufikia Daktari Mtafiti. Alitaka kujua kipimo kinachowafaa watu wetu, wala si kile tu kilichoandikwa vitabuni kwa ajili ya watu wengine. Nilimpenda mtu yule tangu wiki ya kwanza. Hakumgusa mgonjwa kabla ya kumweleza utafiti na kumwambia kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Yeye alisema Kiswahili, mimi nikarudia Kisukuma, na mgonjwa akiuliza swali la kijinga, Daktari alivuta kiti akajibu kama amesikia swali la profesa. Alipima presha mwenyewe. Kosa dogo kwenye fomu lilimnyima raha.

Mizani yetu ya wagonjwa ilikuwa imeharibika zamani. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, alihangaika mpaka mnunuzi mmoja wa pamba aliyekuwa anafunga vituo vyake akatupa mizani moja kama msaada, ile ya kusimamia juu yake, yenye jiwe la chuma la kusogeza kwenye mkono wake. Ilipokelewa kwa hotuba na soda. Tulipiga picha nayo. Siku hiyo wauguzi wote tulipanda tukapimana, na kila mmoja alikuta amepungua. Metroni, ambaye mlango wa stoo ulimtambua kwa ubavu, alitangaza kwamba kubana matumizi kumemfaa. Mimi nami nilifurahi. Nilikwenda kuipunguza sketi yangu.

Tukafanya kazi karibu miezi minne. Kila mgonjwa alipimwa kilo, akapewa kipimo cha kitabuni, na karibu kila mmoja alihitaji kuongezewa. Daktari alishangaa, akarudia, akapata yale yale. Mwisho akaniambia, "Sista, nadhani miili ya watu hawa inaichoma dawa haraka. Kazi ya jembe, maini yenye nguvu." Nikajisikia fahari. Wasukuma si watu wa mchezo, hata ketamini imekiri! Akaandika matokeo ya awali, akipendekeza vituo vya afya vipandishe kipimo. Bahasha ilikuwa tayari mezani, iondoke kesho yake na basi la Mwanza.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Luhende kutoka Lingeka, mkulima mwenye ngiri iliyomtesa misimu miwili. Alikuwa mrefu, mpole, na fimbo yake aliiegemeza ukutani kwa adabu kana kwamba anamkalisha mgeni.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, namhala. Panda hapa tukupime," nilimjibu, nami nikimwita mzee.

Akaitazama mizani. Akainama, akashika mguu wa nyuma wa mizani, uliochomelewa kipande cha nondo.

"Hii sipandi," alisema.

"Haiumi, namhala."

"Mayu, ilishaniuma. Mguu huu ulivunjika mbele ya macho yangu, Lingeka, tukipanga foleni na pamba. Gunia nililolipima nyumbani, juu ya mizani hii lilikonda. Leo mnataka inipime mimi? Mtanizika nikiwa nusu."

Daktari alicheka kidogo, akadhani ni woga wa kisu. Mimi sikucheka. Niliikumbuka sketi yangu, iliyonibana tangu niipunguze. Nikamkumbuka na baba yangu, ambaye hakupeleka pamba kwa mnunuzi bila kuipima kwanza nyumbani, na nikaelewa kwamba miezi minne nimewapima watu kwa mizani ya mwizi. Wagonjwa wetu hawakuwa na maini ya ajabu. Walikuwa wazito kuliko tulivyoandika, kwa hiyo tuliwapa dawa pungufu. Na kama bahasha ile ingefika, kituo cha afya chenye mizani nzuri kingepandisha kipimo kwa mtu ambaye kilo zake ni za kweli, mahali ambapo hakuna oksijeni, na mhudumu yuko peke yake. Mtu huyo asingerudi.

Ilinibidi nimwambie Daktari mbele ya Mganga Mfawidhi, maana wote wawili walikuwa wamesimama pale. Mkubwa wetu alinikata jicho. "Sista, tulipiga picha na mizani hii. Sasa unataka niseme nini kwa watu?"

"Sema tulete maji, mkuu," nilijibu. Sijui ulimi ule niliupata wapi.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo halihitaji msaada wala mfadhili. Tukajaza madumu mawili ya lita ishirini. Na madumu yenyewe, matupu, kila moja kama kilo moja. Tulitegemea arobaini na mbili. Daktari akasogeza jiwe taratibu, akasogeza tena, mkono ukatulia kwenye thelathini na tano.

Daktari alikaa kwenye benchi karibu na Mzee Luhende, akashika kichwa. Niliona aibu kwa niaba yake na kwa niaba yangu, maana mimi ndiye niliyesoma kilo zile. Kisha akainuka, akaenda ofisini, akarudi na bahasha, akaichana mbele yetu.

"Mzee," alisema, "umeokoa watu usiowajua. Asante."

"Wabeja," Mzee alimjibu, akimshukuru naye. "Lakini ngiri yangu bado ipo."

Tulimpima kwa mizani tuliyoazima misheni. Alilala kwa kipimo cha kitabuni, hakurusha hata kidole, na vidole vyangu viwili havikuondoka mkononi mwake ingawa sikulazimika tena kufanya hivyo. Mganga Mfawidhi, na ninamheshimu kwa hili, alilipeleka jiwe la mizani kwa mchomeleaji likatobolewa. Ndani palikuwa na risasi iliyoyeyushwa na kumwagwa, ili jiwe liwe zito na kila mzigo usomeke mwepesi. Daktari akaipima mizani kwa dumu moja, mawili, matatu, akaona inaiba kwa kiwango kilekile, akakaa siku mbili akisahihisha kilo na vipimo vya kila fomu. Katika ripoti yake aliliandika kosa lote bila kulipaka sukari. Ningekuwa na wanangu kumi ningetaka wafundishwe na mtu yule.

Siku ya kuruhusiwa, Mzee Luhende alimkuta Daktari akimalizia fomu ya mwisho.

"Hizo ndizo ulizokuwa unasahihisha?"

"Ndizo, mzee. Zimekaa sawa sasa."

"Vizuri. Na kilo zangu za misimu miwili, nani anazisahihisha?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hizo siwezi kuzisahihisha, mzee wangu. Yule mnunuzi ameshaondoka, na hatujui alikokwenda."

Mzee aliichukua fimbo yake. "Basi nipeni dumu moja."

Tukampa. Nikaliwekea alama kwa msumari, pale maji yanapofika lita ishirini. Akalitundika kwenye fimbo, akaenda zake.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakuu wengi, wengine wazuri, wengine wapenda hotuba. Kila mizani iliyoingia wodini niliipima kwa maji kwanza, na waliocheka niliwaacha wacheke. Siku ya kustaafu nilipewa kanga, saa ya ukutani na hotuba nne, nikavumilia bila kulia. Kisha akasimama mama mmoja wa Lingeka, binti wa Mzee Luhende, amebeba dumu kuukuu. Alieleza kwamba baba yake ametangulia mbele ya haki. Kila msimu alifika kituo cha kununulia pamba na dumu hilo, akataka maji yapimwe kabla ya pamba, na majirani wakaanza kumfuata. "Aliagiza lirudi kwa mayu," alisema. Hapo nikalia, tena kwa sauti, mbele ya wageni waalikwa.

Vijana wangu, aminini macho yenu, lakini namba iulizeni imetoka wapi, na mgonjwa akisema anaifahamu mizani yenu, msikilizeni. Dumu lipo kwangu mpaka leo. Msimu wa pamba ukifunguliwa majirani hubisha hodi kuliazima, nami nawapa kwa sharti moja: wajaze maji hadi kwenye alama ya msumari, yasizidi wala yasipungue, maana hata mnunuzi ana haki ya kilo zake.