Aliyezipulizia Filimbi Katuni Zangu

Katuni zile nilizileta mimi. Dereva wa lori niliyempakulia mizigo Mtito Andei alininakilia kwenye flashi, nami nikazibeba hadi Kibwezi, nilikokuwa nachuma bamia pamoja na mwenzangu tuliyetoka naye Kasikeu.

Zilikuwa za zamani sana, nyeusi na nyeupe, hazina maneno, muziki tu. Ng'ombe anafunguliwa ubavu kama mlango, panya wanampiga mbavu kama marimba. Treni inapiga magoti kupanda mlima. Nyumba inapumua. Niliacha shule darasa la sita, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba hata nyumba inaweza kucheza ngoma.

Kila Jumapili baada ya kanisa, mama mwenye hoteli, niliyemwachia flashi, alituwekea kwenye runinga yake. Mimi nilisimama kando nikitafsiri, kama wale mabingwa wa vibanda vya video wanavyotafsiri sinema za Kichina. "Sasa treni imechoka, jameni, inaomba Mungu!" Watu walicheka. Kicheko hicho kilinibeba wiki nzima, mgongo ukiwa umepinda shambani.

Jumapili moja mahubiri ya kanisani kwetu yalirefuka. Nilipofika, hoteli ilikuwa imejaa mpaka dirishani. Mwenzangu amesimama mahali pangu, hasemi neno, mdomoni ana filimbi, ile wanayopuliza wachezaji ngoma wa kwetu wakiruka. Panya akiruka, filimbi inaruka. Nyumba ikipumua, filimbi inapumua. Akina mama wa kwaya ya kanisa jirani, waliotoka mapema, walikuwa wanajifuta machozi kwa kucheka.

Nikajipenyeza mbele. "Sasa hapa ng'ombe anauliza..."

"We kijana, ng'ombe tumemwona," mama mwenye hoteli akanikata. "Nyamaza tusikie."

"Mwacheni, mama, flashi ni yake," mwenzangu akasema, kwa upole ulionichoma.

"Basi akae nayo!" mtu akapaza sauti dirishani. Kikalipuka kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata mimi.

Nikaichomoa flashi. Runinga ikabaki bluu tupu. Nikangoja wanung'unike.

Mwenzangu alivuta pumzi, akaendelea kupuliza. Yule mama, sahani za muthokoi mkononi, akaanza kutingisha mabega. Akafuata mmoja wa kwaya, kisha kwaya nzima. Nami, niliyetoka kanisani dakika chache tu zilizopita, nikasimama katikati yao nikiomba mate yaizibe ile filimbi.