Mrusha Nyimbo wa Nyakanazi

Pale Nyakanazi, kwenye kibanda kinachotazamana na mabasi, mrusha nyimbo hupokea memori kadi kwa ncha za vidole viwili, huipuliza, huifuta kwenye paja la suruali, kisha humuuliza mteja kwa sauti ya chini, kama padri kitubioni: "Za dini au za dunia?" Jibu lolote hulipokea kwa "sawa" ileile. Nyimbo zinapoingia kutoka kwenye kompyuta yake, yeye hukata kucha kwa wembe. Pancras, mwalimu wa kwaya, alikuwa ametoka Nyabusozi kuja kumkomesha. Sheria ya hakimiliki aliikariri ndani ya basi na sasa akaishusha yote bila kumeza mate, akisahau kidogo kwamba simu iliyokuwa mfukoni mwake ilijazwa filamu na mrusha nyimbo huyohuyo. "Wimbo wangu unao humo, na ruhusa sijakupa!"

Mrusha nyimbo aliweka wembe chini, akautafuta wimbo, akaupata. "Kosa langu, mwalimu. Naufuta sasa hivi." Kidole kilishatua kwenye kitufe.

"Subiri kwanza. Wangapi wameuomba?"

"Kuuomba? Bado." Alisema kwa upole, kama anayetoa habari za mgonjwa. "Nafasi ikibaki kwenye kadi, huwa nawawekea. Wengine hurudi niutoe."

Pancras alikitazama kile kidole, akakishika kwa mikono miwili, akakiondoa taratibu kwenye kitufe.

"Usifute, ndugu yangu," alisema. "Wewe endelea tu kuniibia."