Siku Nilipomwongoza Mama Mkwe Maporomokoni

Naona haya kusimulia hii, na kama si Wafula, ndugu ya mke wangu, kuiharibu kila tukikutana, ningenyamaza nayo kabisa, lakini afadhali mnicheke kwa maneno yangu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza redio pale Kitale, naingia kwa kochi na hapo ndipo mtanipata. Nekesa mke wangu alishazoea, ila kwa miaka sita nilikuwa namwahidi kwamba nitampeleka kuona maporomoko ya maji Mlima Elgon, na kwa miaka sita ndugu zake wanamuuliza kama aliolewa na mtu ama na kiti. Basi nikaamua. Jirani aliniambia ni matembezi mepesi, dakika ishirini kutoka pikipiki zinapokuacha, hata mtoto anafika. (Jirani huyo hajawahi kufika huko, nilikuja kujua baadaye.)

Kosa langu lilikuwa moja tu, tena dogo. Badala ya kumwambia Nekesa peke yake, niliandika kwa grupu ya simu ya familia yao: "Jumamosi nampeleka Nekesa maporomoko, karibuni nyote." Sasa mtu akikwambia karibu chakula, si unajibu asante nimeshiba? Dakika mbili hazijaisha, mama mkwe akajibu kutoka Kabuchai: "Asante. Nakuja."

Kwa msiojua mambo yetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai karibu, na mkikutana njiani ni wewe unatoka umpishe.

Tulikutana Chwele asubuhi, Wafula na raba zake, mama mkwe na leso mbili na mwavuli, mimi na viatu vya kanisa maana ndivyo vilikuwa vimepigwa rangi. Pikipiki zilitufikisha mpaka matope yakazishinda, halafu njia ikawa ya mtu mmoja mmoja, nami kwa heshima nikatangulia mbele. (Shida ya kutangulia, watu wanadhani unajua unakoenda.) Zile dakika ishirini zikawa saa moja na nusu, na tulipofika mahali pa kushuka, maji tunayasikia chini lakini hatuyaoni, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, nikakumbatia mti, sisongi mbele wala nyuma.

"Nekesa," mama mkwe akasema nyuma yake, "mwambie bwana yako asonge."

"Anasema usonge."

"Mwambie mama napumzika."

"Anasema anapumzika."

"Muulize kama anapumzika ama anataka kuoa huo mti."

Wafula, aliyekuwa nyuma kabisa, alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, uko sawa? Tukuletee mto?"

Nekesa akashusha sauti, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Baba Brayo, si lazima. Turudi tu. Umejaribu."

Hilo "umejaribu" liliniuma. Lakini niwaambie ukweli, ningerudi, tena mbio, ila upande mmoja ulikuwa ukuta wa udongo, upande mwingine mteremko, na katikati yangu na nyumbani amesimama mama mkwe. Kurudi ni kumgusa. Basi nikafanya jambo la adabu, nikatoka njiani ili nimpishe yeye apite.

Kiatu cha kanisa hakikusaidia. Nilishuka kwa makalio kama gunia la mahindi likisukumwa kutoka kwa lori, nikapita majani yanayowasha, nikasikia suruali ikisema kraaa, na nilipofungua macho nilikuwa nimekaa ndani ya maji mpaka kifuani, mbele ya kwaya nzima ya kina mama wenye sare ya njano wakirekodi wimbo.

Mwalimu wao alinitazama. "Ndugu," akasema polepole, "uko kwa video yetu."

Nikageuka ndipo nikayaona maporomoko, meupe, marefu, yananirushia mvuke usoni. "Nekesa," nikaita, "tumefika."

Walishuka kwa ngazi. Ndiyo, kulikuwa na ngazi, zimechongwa vizuri kabisa, hatua kumi kutoka kwa ule mti. Mimi siwezi kusimama kwa sababu suruali imepasuka kutoka mkanda mpaka goti. Mama mkwe akatazama juu mawinguni, akafungua leso moja, akampa Nekesa. "Mpe huyo ajifunge. Watu wa Mungu wanaimba."

Mkwe ndani ya leso ya mama mkwe! Wafula alikaa chini kwa kicheko. Nikajifunga, nikatoka majini kwa hatua fupi fupi kama bibi harusi, na kina mama wakapiga vigelegele.

Nekesa peke yake hakucheka. Alikuwa amevua viatu, amesimama karibu na maji yanapoangukia, uso umelowa. "Baba Brayo," akasema, "umenileta kweli."

Mama mkwe akakohoa kidogo. "Nekesa, mwambie huyo kwamba baba yako, miaka arobaini, amenipeleka sokoni tu."

Nekesa akafungua mdomo anipitishie maneno.

"Wacha," mama akasema. "Amesikia."

Nimeapa sitaongoza tena watu mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Lakini siku ile, katika familia nzima, wa kwanza kufika chini nilikuwa mimi, na mke wangu alinikuta nimekaa pale namngoja.