Programu Inayokufa Kila Wiki

Boitshepo ni mwoga, na hapa Francistown hatumfichi. Tukimtania hujibu, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," halafu anaendelea kutetemeka.

Watoto wetu wana kisukari. Wamebandikwa vipima sukari mkononi, na programu anayotugawia Boitshepo hulia kwenye simu ya mama sukari ikishuka. Kwenye duka la programu haimo, wakubwa wa afya hawajaikubali. Anatutilia mwenyewe kutoka kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa haikupitia dukani, simu huiua baada ya siku saba. Basi kila Ijumaa tunajazana sebuleni kwake, anaihuisha.

Ijumaa ile Mama Lesego hakuja. Alikuwa msibani kijijini Tonota na mtoto wake Lesego, na kila tukimpigia hapokei. Kesho yake asubuhi Boitshepo akanijia, kompyuta kwapani, uso umempauka.

"Washa gari, mwenzangu. Ya Lesego imekufa jana."

"Si mama yake ataona?"

"Ataona nini? Ikifa inanyamaza. Sukari ikiwa nzuri inanyamaza vilevile."

Nilinyakua ufunguo. Niliendesha kwa kasi mpaka Tonota, kwenye nyumba ya msiba.

Tulimkuta Mama Lesego jikoni uani, anasonga ugali wa mtama.

"Mbona mnahema hivyo, mmefukuzwa na ng'ombe? Karibuni mle."

"Lesego yuko wapi?"

"Kalala ndani. Leo nimepumzika, simu haijalia hata mara moja."

Boitshepo alikimbia. Mtoto alikuwa amelowa jasho, macho nusu wazi, haitiki. Akamtoboa kidole, akapima, akaanza kumpaka sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo, huku akimwita jina. Mimi nilisimama mlangoni nalia kwa woga, na sioni aibu kusema. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe mtoto akalamba midomo, akamwita mama yake.

"Lakini mbona haikulia?" Mama Lesego akauliza, kamkumbatia mwanawe.

Waombolezaji walishajaa mlangoni. Boitshepo angeweza kusingizia simu.

"Ilikufa jana, Mama Lesego. Na sikuwahi kukwambia kwamba ikifa hunyamaza tu. Niliogopa mtaikataa."

Mama Lesego alimkazia macho mpaka nikadhani atamzaba kofi. Kisha akatoa simu mfukoni mwa aproni, akamnyooshea.

"Ifufue."

Mikono ya Boitshepo ilikuwa inatetemeka mno. Waya niliuchomeka mimi.