Opondo na Nchi Zake Mbili

Siku hizi watu wa kwetu wanasema Opondo aliondoka kwa hasira za bure. Mimi nilikuwepo, na kumbukumbu yangu haijazeeka.

Tulisoma pamoja mpaka darasa la saba, kisha nikaolewa katika ukoo uliomkaribisha babu yake. Kwa hiyo yeye alikuwa jadak, mtu anayekaa kwenye ardhi ya wengine. Babu yake alipewa pa kulima na pa kuzikwa, basi. Miaka themanini baadaye, Opondo akitaka kuezeka hata jiko, ilibidi aje kuomba kwetu. Tulimjibu tukiwa tumekaa, yeye amesimama.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza madawati ya shule, hapo karibu na Pap Onditi. Akigonga misumari, watoto walimzunguka, na sisi akina mama tuliopika uji tulisogea pia, kwa sababu alikuwa na nchi zake mbili za kubuni.

Nchi ya kwanza ilikuwa mlimani. Mlima wote umechongwa ngazi, na mtu akizaliwa kwenye ngazi ya tatu atafia ya tatu. Mvua humnyeshea mfalme kwanza kule juu, wa chini wanakunywa kilichomwagika. Nchi ya pili ilikuwa chini ya ziwa. Huko hawaulizi babu yako ni nani. Kila mwaka wa saba, anayeweza kubana pumzi kuliko wote ndiye anakuwa mfalme.

"Basi ya ziwani ni nzuri!" watoto walipiga kelele.

"Ngojeni. Huko kila mama anambana mtoto wake pua tangu asubuhi. Unajua ni wangapi wanazama wakijifunza ufalme?"

Hapo ugomvi ulianza. Mzee Oketch, aliyekuwa mlinzi wa shule, aliapa kwamba yeye angehamia mlimani. "Mimi nipe ngazi yangu ya chini nilale. Mambo ya kubana pumzi waachie vijana." Tulicheka mpaka uji ukaungua.

Halafu mzee wa kijiji akafariki. Naibu wa chifu alitangaza kwamba mwingine atachaguliwa barazani kwa mlolongo, yaani kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Wapimaji wa ardhi walikuwa njiani, na mzee wa kijiji ndiye angewaonyesha shamba lipi ni la nani. Shemeji yangu Ooko alijitokeza. Opondo naye akajitokeza. Hakuwahi kutokea jadak wa kufanya hivyo.

Alinifuata jikoni shuleni. "Mama Maryanne, nina wana wawili. Nikipata hiki kiti, watajenga bila kupiga magoti. Nitakuona kwenye mstari wangu?"

"Utaniona," nikasema. Na nilimaanisha.

Siku ya baraza, Oketch alianza mzaha mapema. "Opondo, hebu tuambie, hapa petu ni mlimani au ziwani?"

"Mzee, ngoja saa moja utajionea."

Watu wakacheka, Ooko peke yake hakucheka. "Mtu ambaye hana hata mti mmoja wa mpaka," alisema, "atamwonyesha mpimaji nini? Kivuli chake?" Kicheko kikahama upande, nami nilikisikia kikihama.

Naibu wa chifu akasema tujipange. Nilipiga hatua mbili kuelekea kwa Opondo. Ooko hakupaza sauti. Aliniita tu, kama mtu anayemwongoza kipofu: "Shemeji, umepotea njia?"

Nikageuka kuangalia. Wanawake wote wa boma letu walikuwa wameshajipanga nyuma yake, na mahali pangu pameachwa wazi. Mimi ni mjane. Nalima kwenye ardhi ile ile. Nikageuka, nikaenda kujaza lile pengo. Oketch alikuwa mbele yangu, anatazama viatu vyake.

Nyuma ya Opondo walisimama mkewe Nasambu, wanawe wawili, na mwalimu Shitanda. Naibu akamtoa Shitanda, eti kura yake iko Bungoma. Wakabaki watatu. Nasambu alikuwa ameshika shati la mumewe kwa nyuma, vile watoto wa shule wanavyoshikana.

Opondo hakutukana mtu. Muhula uliofuata watoto walimzunguka tena, mmoja akamwomba habari za nchi ya ziwani. "Ziwa lilikauka," akasema, akaendelea kugonga. Wapimaji walipokuja, Ooko aliwaonyesha shamba la Opondo kama sehemu ya boma letu. Wana wa Opondo wakaenda kutafuta vibarua Awasi. Baba yao aling'oa mabati yake mwenyewe, moja moja, akahamia Kisumu.

Pasaka iliyopita nilimfuata huko huko Kisumu, mtaa wa Migosi, ambako anatunza nyumba za kupanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Nilimkuta anafagia mbele ya geti. Alinivutia kiti, yeye akabaki amesimama na ufagio wake.

"Hapa ni pazuri, mama," alisema. "Wote ni jodak, jadak kama mimi. Hata yule mwenye gari. Kodi ya mwisho wa mwezi ndiyo ukoo wao."

"Na watoto wa hapa unawahadithia?"

"Wako na simu."

Nilisema moyoni, sasa. Lakini tangu niolewe sijawahi kumwomba jadak kitu chochote, na mdomo wangu haukujua pa kuanzia. Nikamuuliza kama kuna chumba kisicho na mtu.

"Kipo kimoja, huku chini," akasema. "Ila choo ni cha pamoja. Unamtafutia nani?"

Nikamwambia nitafikiria, nikainuka, nikaenda zangu.