Kopo la Dawa ya Nozeli

Gari letu la kwanza lilikuwa dogo, jeupe, lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu Temeke. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati magari ya namna hiyo yalipoanza kushushwa bandarini kwa wingi, na watu kama sisi, mwalimu wa shule ya msingi na karani wa bandari, tukaanza kuthubutu kuyatazama. Kwenye kioo cha mbele lilikuwa bado na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani. Mume wangu alikataa kibanduliwe. Alisema kikitoka, watu watadhani gari ni la zamani.

Mwenye kuliendesha zaidi nilikuwa mimi. Mume wangu alifanya kazi kwa zamu, nami nilikuwa natoka shuleni mchana. Tena kulikuwa na safari moja isiyokwepeka. Mama mkwe wangu aliishi Pugu peke yake, kwenye shamba lake la mihogo na mikorosho, na alikuwa na kidonda mguuni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kilichoanza kama mchubuko wa kandambili kilikuwa kimekula pembeni mwa vidole. Kila Jumanne ilibidi afike hospitali kisafishwe na kitazamwe na daktari. Basi hakuweza kupanda, kwa sababu mara ya mwisho mtu alimkanyaga palepale, akalia njia nzima. Kwa hiyo kila Jumanne nilikwenda kumchukua, nikamleta mjini, nikamrudisha.

Miezi ya mwanzo gari lilikwenda vizuri. Kisha likaanza kutetemeka likiwa limesimama, kama mtu mwenye homa. Baadaye likawa linamisi njiani: unakanyaga mafuta, linashtuka, linanyamaza kidogo, ndipo linaondoka. Nilikuwa nikilibembeleza tu. Mpaka Jumanne moja, tukitoka hospitali, tulipofika kwenye mlima wa Pugu likakohoa mara tatu na kuzima kabisa, pua ikiwa imeelekea juu.

Nilivuta breki ya mkono, nikajaribu kuliwasha. Likawaka, likatetemeka, likazima. Wanaume waliokuwa wakishuka na baiskeli za mkaa walisimama kutusaidia kulisukuma pembeni. Mama mkwe ilibidi ateremke. Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, mguu wenye bandeji mpya ameunyoosha mbele, vumbi la magari yanayopita likimwangukia. Hakulalamika. Alisubiri nimalize kuhangaika na boneti, kisha akasema, "Mwanangu, basi. Mie hospitali siendi tena."

"Mama, usiseme hivyo. Ni gari tu."

"Gari, basi, yote ni yaleyale. Nimechoka kuwasumbua. Kuna mama mmoja pale juu anajua majani ya vidonda. Nitakaa kwangu."

Niliutazama ule mguu. Muuguzi alikuwa ameniambia siku hiyohiyo kwamba nyama imeanza kuwa nyekundu, dalili nzuri, lakini kidonda kikiachwa wiki mbili tatu kitarudi kulekule. Nikamwambia, "Jumanne ijayo nakuja kukuchukua. Na mlima huu tutaupanda mimi na wewe tumekaa ndani."

Jirani yake aliyekuwa akipita alitupakia kwenye pikapu yake iliyojaa mananasi, tukafika kwake hivyo.

Kesho yake, gari likiwa limevutwa mpaka mjini, fundi wetu wa Temeke alilifungua. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyezoea Landrover na malori, na gereji yake ilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati. Alisikiliza injini huku ameinamisha kichwa, akachomoa plagi moja moja, kisha akatuita mimi na mume wangu.

"Tatizo ni nozeli," alisema. "Gari hili halina kabureta. Petroli inarushwa ndani na hizi nozeli nne, na matundu yake ni madogo kuliko la sindano. Sasa petroli yetu mnaijua wenyewe. Wengine wanaichanganya na mafuta ya taa. Uchafu umeganda mle."

"Tununue mpya?" mume wangu aliuliza.

"Mpya hapa mjini hamzipati, braza. Na mashine ya kuzisafisha sina, wala simjui aliyenayo. Dawa yake ni moja: tung'oe mfumo huu wote, nikufungie kabureta. Nimeshawafungia watu watatu."

Mume wangu alionekana kufarijika. Kabureta alikuwa anaijua, na ingemalizika siku mbili. Lakini mimi nilimjua mmojawapo wa hao watu watatu. Alikuwa mwalimu mwenzangu. Gari lake baada ya kufungwa kabureta lilikuwa halizimi, ni kweli, lakini lilikunywa mafuta kama lori, na mtu ukipanda unashuka unanuka petroli mpaka kwenye nywele. Nilimwazia mama mkwe ndani ya harufu ile, safari nzima. Tena nyaya zikishakatwa, nani angezirudisha?

"Fundi," nikasema, "umesema ni uchafu. Uchafu hautoki?"

Alijikuna kidevu. "Kuna makopo yanauzwa Kariakoo, mwalimu. Unamimina kwenye tangi, dawa inapita pamoja na petroli, inayeyusha huo uchafu. Mie sijayaamini. Kuna waliosaidika, na kuna ambao magari yao yaliharibika zaidi."

"Umesikia?" mume wangu akaniambia. "Yaliharibika zaidi."

"Nimesikia pia waliosaidika."

Tulibishana njia nzima mpaka nyumbani. Yeye alisema gari si mahali pa kufanyia majaribio. Mimi nilisema kukata nyaya ndiyo majaribio, tena yasiyo na kurudi nyuma. Mwisho akasema, "Haya. Fanya. Lakini Jumanne ikifika gari halijapona, linakwenda kwa fundi na sitaki maneno." Nikakubali.

Kariakoo wakati ule kila mwezi kulikuwa na duka jipya la vipuri. Duka la kwanza waliniletea chupa iliyokuwa ya soda, ina kitu cha rangi ya chai ndani, hakuna hata karatasi. Muuzaji alisema ni dawa ileile, bei ndiyo tofauti. Nilimrudishia. Duka la pili hawakuwa nayo. La tatu lilikuwa la mzee mmoja wa pwani mwenye kofia ya mkono, na yeye alinipa kopo dogo lililofungwa vizuri, maandishi yake ya Kiingereza. Nililisoma pale pale kaunta, mstari kwa mstari.

"Shikamoo, mzee. Hapa wanasema kopo moja kwa tangi lililojaa."

"Marahaba. Ndivyo. Usije ukalimimina kwenye petroli kidogo. Inakuwa kali."

Hapo ndipo nilipokwama kidogo, maana tangi letu halikuwahi kujaa tangu gari lifike nchini. Tulikuwa watu wa kuweka lita chache na kuitazama sindano ya mafuta kwa hofu. Jioni ile nililipeleka gari kwenye sheli tuliyoiamini, likitetemeka vilevile, nikamimina dawa kwanza, kisha nikamwambia mjazaji ajaze mpaka juu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Fedha za pazia jipya na ziende, nikasema moyoni, pazia haliendi hospitali.

Niliamka Alhamisi na matumaini. Gari liliwaka vizuri, likatoka mtaani vizuri. Kabla sijafika Tazara likaanza kuvuta kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa. Nikakanyaga mafuta, halikuitika. Likazima katikati ya barabara, na madereva nyuma yangu wakaanza kupiga honi na kunitukana. Nikalisukuma pembeni pamoja na wapita njia, gauni langu la kazini likiwa limelowa jasho mgongoni, nikaenda kufundisha kwa miguu.

Mchana nilimkuta mume wangu gereji, amesimama kando ya gari lililovutwa kwa kamba. Mimi nikamgeukia fundi.

"Jana lilikuwa linakohoa tu. Leo halivuti kabisa. Kwa nini?"

"Ndiyo najiuliza mwenyewe," alisema. Akalala chini ya gari, akatoka na filta ya mafuta, kijikopo cha chuma ambacho petroli hupita kuchujwa kabla ya kufika kwenye nozeli. Aliikung'uta juu ya kipande cha sahani nyeupe. Kilichotoka hakikuwa petroli. Kilikuwa tope, jeusi na kahawia, lenye chembe za kutu.

Wote watatu tuliinama kutazama.

"Unaona," fundi akasema polepole, akifikiri kwa sauti. "Dawa imefanya kazi. Imeng'oa uchafu wa kwenye tangi, wa miaka yote huko ulikotoka, ukaja wote kwa pamoja ukaziba hapa. Nozeli hata haijazifikia vizuri."

"Kwa hiyo filta mpya?"

"Filta mpya, na nisafishe kwanza bomba. Halafu mwalimu, gari hili usiende nalo sokoni na kurudi. Lipeleke mbali. Liende mwendo mmoja, injini ishike moto, dawa ipite mfululizo."

Mume wangu akamwuliza, "Na wewe unaamini sasa?"

"Mie naamini hili tope," fundi akasema, akaiweka sahani chini.

Filta tuliipata Ijumaa. Jumapili asubuhi nikachukua ufunguo, na nilipofika mlangoni nikamkuta mume wangu ameshavaa viatu. Hakusema anakwenda nami, alikaa tu kiti cha pembeni. Tukaitafuta barabara ya Morogoro. Mpaka Kimara gari lilikuwa linashtukashtuka, na kila likishtuka nilimwona kwa pembeni ya jicho akishika mpini wa mlango. Nilishika mwendo uleule. Tukapita Kibaha. Nyuma yetu kulikuwa kukitoka moshi mweupe, na mtu mmoja wa baiskeli alitupungia mkono kutuonyesha kwamba tunaungua.

"Tusimame?" mume wangu akauliza.

"Hapana. Fundi amesema mwendo mmoja."

"Na likiungua?"

"Sindano ya joto iko katikati. Itazame wewe, mie natazama barabara."

Akainama akaitazama, na tangu hapo kazi yake ikawa hiyo. Baada ya Mlandizi, kwenye sehemu iliyonyooka, nilihisi kitu chini ya mguu wangu. Nilikanyaga kidogo tu na gari likaitika, bila kushtuka, bila kungoja. Nikakanyaga tena. Likaitika tena. Sikutaka kuwa wa kwanza kusema.

"Limenyamaza," mume wangu akasema.

"Limenyamaza."

Tulikwenda mpaka Chalinze, tukala mahindi ya kuchoma, tukageuza. Kurudi aliendesha yeye, na aliimba.

Jumanne niliomba ruhusa shuleni, nikafika Pugu mapema. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, akimenya mihogo, mguu ameufunga kwa kitambaa cha kanga chenye majani ndani. Nilisikia harufu kabla sijamwamkia.

"Shikamoo, mama. Nimekuja."

"Marahaba. Nilikwambia siendi."

"Uliniambia. Na mie nilikwambia nakuja."

"Gari lenyewe?"

"Tumelisafisha. Tumelipa dawa."

Alinitazama kama ninamtania. "Gari nalo linakunywa dawa?"

"Linakunywa, mama. Na siku ya kwanza lilizidiwa. Hatukuliacha."

Aliendelea kumenya. Nikakaa naye, nikachukua kisu kingine, nikamenya mihogo mpaka ikaisha. Sikuwa na mpango wa kuondoka bila yeye, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu ilipokwisha alisema, "Niletee lile gauni la bluu," akanipa mkono nimwinue.

Hospitali muuguzi aliyafungua yale majani, akaenda kumwita daktari. Ilibidi waondoe kidole kidogo, Ijumaa ya wiki ileile. Daktari aliniambia kwenye korido kwamba angekaa tena nyumbani, ungekuwa mguu. Nililia pale, nikafuta uso, nikarudi wodini na uso mwingine.

Jumanne ile, kabla ya hayo ya Ijumaa, nilimrudisha kwake kuchukua nguo za kulalia hospitali. Tulipofika chini ya mlima nilipunguza gia. Yeye alishika kiti kwa mikono miwili, akaanza kusema Bismillahi. Gari likapanda. Karibu na juu lilitetemeka mara moja, nami nikalikanyaga bila huruma, likaendelea. Tetemeko hilo dogo halikuisha kamwe. Fundi alisema nozeli moja imeshachoka na hakuna dawa ya kuirudisha ujana wake, na tukaishi nayo hivyo miaka mingi. Kila baada ya muda tuliweka kopo jingine, tangi likiwa limejaa, na filta tukibadilisha kabla haijatuambia. Kabureta hatukufunga.

Kidonda kilichukua miezi kupona. Kilipofunga, mama mkwe alitaka raba za kitambaa, nikamnunulia, ya mguu mmoja tukaijaza pamba pale kidole kilipokosekana. Jumanne iliyofuata nilikwenda kumwona tu, kwa mazoea, maana hospitali alikuwa amesharuhusiwa. Nikakuta mlango umefungwa kwa kamba, kuku peke yao uani. Jirani akaniambia amekwenda kwenye msiba ng'ambo ya bonde, kwa miguu, tangu asubuhi. Nikakaa kizingitini kumngoja. Alirudi jua likiwa linapungua, raba zimejaa vumbi jekundu, akaniuliza nimekula nini.